Kioo Nilichokataa Kufuta

Shirika lilipotupunguza kazini Dar es Salaam, wenzangu walirudi makwao na magodoro na redio. Mimi nilirudi Sumbawanga na sanduku la kioo, pampu ndogo ya hewa na madumu manne ya maji ya bahari. Kondakta aliniuliza kama kwetu hakuna maji. Nikamjibu yapo, ila hayana chumvi.

Nilifungua saluni mjini, nikaliweka sanduku mbele ya kiti cha kusukia, na ndani yake mawe ya pwani na madumu matatu ya maji. Samaki wangefuata baadaye. Nilitaka mwanamke anayesukwa aitazame bahari bila kwenda kokote. Mwenye nyumba, mzee aliyezoea kutoa amri kutoka mlangoni, akasema bahari ina mahali pake na mahali pake si Ufipa. Kauli ile iliniudhi kuliko kupunguzwa kazi.

Basi nikafanya pupa. Nilimwandikia rafiki yangu wa Dar, akanitumia kwa basi konokono kumi na wawili wa baharini, wale wanaolamba ukijani kwenye vioo, wamefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya kopo la biskuti. Walifika hai. Nikawatia wote siku hiyo hiyo ili mzee aone. Kioo kilikuwa kinang'aa, hakina hata doa la kulamba. Haikupita wiki wakafa wote, na harufu ikawatoa wateja hadi barabarani, nywele nusu zimesukwa. Nililia, na kilichoniliza zaidi ni hasira.

Mzee akaja. "Linuke tena mara moja tu, sanduku litatoka, na wewe utalifuata."

Siku hiyo mama alikuwa ametoka kijijini kwetu Mollo kuniletea unga wa ulezi. Alichungulia yale maji, akaniangalia mimi.

"Si umekulia kwenye matuta ya intumba wewe? Majani tunayafukia, tunayaacha yaoze, msimu wa pili ndipo tunamwaga ulezi. Nani alikufundisha kumwaga ulezi kwenye tuta la jana?"

Hakunibembeleza. Alikuwa sahihi, na nilichukia kwamba alikuwa sahihi.

Nilitoa mizoga, nikapunguza maji machafu, nikaongeza lile dumu la mwisho, kisha nikaliacha sanduku likae. Kioo kikaota utando wa kahawia, baadaye wa kijani. Wateja walinisimanga: saluni ya kupendezesha watu, kioo chake kina ukoga. Mzee akaleta kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. "Futa." Nilikipokea kwa adabu zote, nikakikunja, nikakiweka chini ya kiti. Kodi nilimlipa ya chumba, si ya macho yangu.

Ukijani ulipokuwa mnene, niliagiza konokono watatu tu. Niliwaweka kwenye bakuli, nikawa nasuka huku nikiwaongezea maji ya sanduku kijiko kimoja kimoja mchana kutwa ili wayazoee, ndipo nikawatia. Asubuhi nilikuta njia nyembamba, safi, imepindapinda katikati ya kijani.

Mzee alikuja kunusa. Hakupata kitu. Akavaa miwani, akainama, akamfuata konokono mmoja kwa macho mpaka alipofika juu.

"Huyu anakula nini?"

"Ule uchafu ulioniambia niufute, mzee."

Akavua miwani, akaomba kitambaa chake. Nikampa, kikiwa bado kimekunjwa, kikavu.