Walioniita Wao

Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha mteja wangu tuliposikia filimbi. Saluni yetu iko Durban mjini kati, kati ya duka la simu na duka la viatu, na kelele za mtaa ule tumezizoea: honi za teksi, wahubiri wenye vipaza sauti, wauza ndizi. Hizi zilikuwa nyingine. Nyuma ya filimbi kulikuwa na nyimbo, na nyuma ya nyimbo sauti ya fimbo zikigongwa kwenye lami.

Patron wetu, mwenye saluni, Mkongo mwenzangu wa Lubumbashi, alichungulia nje, akarudi uso umemshuka.

"Banakuya," alisema, yaani wanakuja, wale wa kuwafukuza wageni. "Iko wengi."

Alivuta geti la chuma mpaka chini, akazima redio na taa. Ndani tulibaki watatu: yeye, mimi, na mteja wangu, mwalimu wa shule ya msingi, Mzulu, ambaye nimemsuka tangu nilipoanza kazi pale. Rasta zilikuwa bado mkononi mwangu. Sikujiwazia mimi. Nilimuwaza binti yangu wa miaka sita, aliyekuwa Isipingo, kusini mwa mji, kwa bibi mmoja anayelea watoto wa majirani mchana. Mtaa mzima ulijua mtoto yule ni wa mgeni. Nikampigia bibi simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, safari hii haikuita kabisa.

Geti likagongwa.

"Nani yumo humo?" sauti ya mwanamume iliuliza kwa Kizulu.

Patron alinikazia macho. Mwalimu akainuka kwenye kiti, kichwa upande mmoja kimesukwa, upande mwingine kimesimama kama kichaka, akajibu kwa ile sauti ya darasani:

"Nimo mimi! Nasukwa. Mnataka nitoke na nusu kichwa?"

Nje wawili watatu walicheka. Mmoja hakucheka.

"Na anayekusuka ni nani?"

"Mdogo wangu," alisema.

Nilisikia neno hilo vizuri kabisa, na bado sikuliamini. Kisha tofali likapiga geti, na saluni nzima ikatetemeka hadi vioo.

Mwalimu alikuwa ameegesha gari kwenye uchochoro wa nyuma. Alinishika mkono. Nikamwambia patron twende wote, akakataa.

"Sauti ya mimi, wakiisikia tu, itaniuza. Nitapanda kwenye dari. Nenda, mama. Fuata mtoto."

Mlangoni mwalimu alikitazama kitenge changu. "Hicho kivue." Nilikivua, nikabaki na suruali niliyokuwa nimeivaa chini, naye akanivisha sweta lake. Akajifunga taulo kichwani. Kisha akachukua skafu yake, akaizungusha kuanzia utosini mpaka chini ya kidevu changu, akaikaza.

"Kizulu chako kinatosha sokoni," alisema. "Leo hakitoshi. Umetoka kung'olewa jino. Usiseme neno."

Tulitoka uchochoroni polepole. Karibu na kona ya mwisho kabla ya barabara kuu ya kusini, robot, yaani taa za barabarani, ikawa nyekundu, na hapo hapo kundi likamwagika barabarani. Mwanamume wa rika langu, mwenye kofia ya sufu na rungu, alikuja dirishani upande wangu. Akagonga kioo kwa ncha ya rungu. Mwalimu akakishusha kidogo.

"Huyu anatoka wapi?"

"Kwa daktari wa meno. Ni mdogo wangu."

"Mbona hasemi mwenyewe?"

Aliinama akanitazama, si usoni, mikononi. Vidole vyangu viling'aa mafuta ya nywele. Nilitaka kuvificha, nikaogopa kuvisogeza. Akaniuliza kitu kwa haraka, maneno ambayo mpaka leo sijui yalikuwa yapi. Nikagumia. Sikuigiza. Sauti ilitoka yenyewe, na machozi nayo, yakapita kwenye skafu mpaka shingoni.

"Mfungue akutapikie damu basi," mwalimu alisema, "halafu wewe ndiye umrudishe kwa daktari."

Yule mtu akarudi nyuma hatua moja. Taa ikabadilika. Mwalimu hakukanyaga mafuta kwa pupa. Aliondoka taratibu, kama mtu mwenye mgonjwa garini. Tulipoingia barabara kuu ndipo alipokanyaga mafuta.

Isipingo maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Geti la bibi lilikuwa na mnyororo. Tuligonga, kimya. Hapo nikasahau yote niliyoagizwa, nikamwita mwanangu kwa Kiswahili, kwa nguvu zangu zote, na mwalimu akaniziba mdomo kwa kiganja. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akatutazama, akarudi ndani. Sikujua amekwenda kumwita nani.

Pazia likatikisika. Bibi akatoka na ufunguo.

Watoto walikuwa chini kwenye mkeka, wanapanga vifuniko vya chupa. Binti yangu aliniangalia, akaniuliza kwa Kizulu mbona nimefunga uso, akarudi kwenye mchezo wake. Nilikaa sakafuni karibu naye.

Bibi alitueleza kwamba wanaume walikuwa wamefika getini asubuhi ile, wakataka kujua kama ana mtoto wa wageni. "Nikawaambia hawa wote ni wajukuu wangu. Anayetaka mmoja aje amchukue mkononi mwangu." Simu aliizima kwa sababu kila ilipolia watoto walishtuka.

Jioni patron alipiga simu. Walivunja geti, wakabeba mashine za kukaushia nywele, hawakumwona. Nililia upya.

Mwalimu alikwenda kwake, na bibi akatubakiza, mimi na mtoto, mpaka mji ulipotulia. Nilipokuwa nimelala kwenye godoro lake nilikumbuka sehemu nyingine zilizowahi kuniweka. Uvira, Kongo, nilikozaliwa, kwenye nyumba ya mama yangu. Kigoma, kwa mama mmoja Muha aliyenipa kona ya jikoni kwake nilipovuka ziwa, akawaambia majirani huyu ni wa kwetu. Sikuwahi kuwashukuru ipasavyo. Nilidhani nyumbani ni kitu unachokipoteza mara moja na basi. Kumbe nimepewa na watu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alinipa akijua kwamba kunipa kunaweza kumletea balaa.

Siwezi kusema woga uliisha. Mpaka sasa mchezo wa mpira ukianza na refa akapuliza filimbi kwenye televisheni ya jirani, mimi hutafuta mlango wa nyuma.

Usiku ule wa kwanza, kabla ya chakula, bibi aliniomba niombe.

Nikaanza kwa Kizulu changu kibovu. Akanizuia.

"Kwa lugha yako."

Nikaomba kwa kunong'ona, sikio langu likiwa dirishani.

"Mwanangu," bibi alisema, macho bado ameyafumba, "pandisha sauti. Hapa ni kwangu."

Nikapandisha kidogo. Sauti ilitetemeka, lakini nilifika mpaka amina.