Msonobari wa Mita Kumi na Moja

Mkaguzi wa miti alikuja kwa mara ya tatu, na kama kawaida yake alilamba kidole kabla ya kufunua fomu zake, kisha akaivuta tepu ya kupimia taratibu kutoka ukutani mwa nyumba hadi kwenye msonobari uliokauka. "Mita kumi na moja, mama," alisema kwa ile sauti yake ya upole, kana kwamba anambembeleza mtoto. "Sheria inaruhusu kukata mti ulio ndani ya mita kumi tu." Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alihisi damu ikimchemka. Mwaka jana moto wa msitu ulikula nyumba tatu za mlimani, na sasa chumbani alikuwa amelala dada yake aliyepooza, asiyeweza kukimbia hata hatua moja. Mkaguzi aliandika HAUKATWI kwa herufi nzuri zilizonyooka, akapuliza wino ukauke, akampa mwalimu fomu.

Kisha akatoa sigara. Kiberiti kikiwa tayari mkononi, aliyatazama majani makavu miguuni pake, akatoka hadi barabarani ndipo akaiwasha.

"Mbona umekwenda mbali?" mwalimu alimfuata na kumuuliza.

"Pale pakavu mno, mama. Cheche moja tu, nyumba yote inakwenda."

Mwalimu akamsogezea fomu mpaka kifuani. "Andika hayo uliyosema."

"Fomu haina nafasi ya maelezo."

Mwalimu akaigeuza; upande wa nyuma ulikuwa mtupu. Mkaguzi alilitazama gari lake kando ya barabara, lakini mwalimu alikwisha kuuegemea mlango wa dereva, na hakubanduka hapo mpaka mkaguzi alipoandika na kutia sahihi.