Wekundu Uliponitoka Jichoni

Mwaka ule kahawa iliiva yote kwa pamoja, kwa hivyo shule zilipofungwa sikupata kupumzika. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kanyakine. Asubuhi nilichuma kahawa na mama mkwe wangu, yeye mstari wake na mimi wangu, na kila siku alinishinda.

Asubuhi moja jasho liliniingia jicho la kulia, nikalifumba. Jicho la kushoto likanionyesha kahawa mbivu yenye rangi ya kutu. Nikafumbua la kulia, wekundu ukarudi. Nikafumba tena.

"Unamkonyezea nani huko?" mama mkwe akauliza.

Nilicheka, lakini moyo haukutulia. Jicho hilo la kushoto lilikuwa limeniuma kwa siku kadhaa kila nilipolizungusha, nami nikadhani ni vumbi. Wiki hiyo ukungu ulitanda katikati yake, hata nikimtazama mume wangu kwa jicho hilo peke yake, namwona masikio bila uso. Yeye ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Aliweka randa chini, tukaenda Meru mjini.

Daktari wa macho alimulika, hakuona kosa. Nikapigwa picha ya ubongo, kisha tukapelekwa kwa daktari wa neva, mwanamke kijana aliyetusalimia kwa Kimeru cha Igembe.

"Mwalimu, jicho lako ni zima," alisema. "Hata neva yake bado ipo. Zilizoumia ni seli zinazoifunika."

"Mimi huwafundisha watoto kwamba ubongo ni neva."

"Hata mimi nilifundishwa hivyo. Lakini kando ya neva kuna seli nyingine, zinaitwa glia. Zamani wataalamu walidhani ni gundi tu ya kuzishikilia neva. Umewahi kukata mgomba?"

"Mara nyingi."

"Basi unajua shina lake lilivyo, ganda juu ya ganda. Glia za aina moja huizungushia neva mafuta namna hiyo, na ujumbe hupita mbio. Mafuta yakichubuka, ujumbe unachelewa, mwingine haufiki kabisa. Neva ya jicho ni sehemu ya ubongo, ndiyo maana rangi zimekufifia."

Mume wangu aliuliza, "Na glia za aina nyingine?"

Daktari akamgeukia kwa furaha. "Ziko zinazoilisha neva. Neva mbili zikishazungumza, glia hizo hufyonza kemikali iliyobaki katikati, ili ujumbe ule usiendelee kuvuma. Zinaweza hata kuyapa nguvu mazungumzo hayo, au kuyapunguza."

Nililazwa, nikatiwa dawa kwa dripu ili kupoza kinga ya mwili wangu, iliyokuwa ikizishambulia seli hizo kana kwamba ni adui. Kufunika neva upya, daktari alisema, ni kazi ya glia zenyewe. "Huenda shida hii ikarudi siku moja, sikufichi. Ikirudi, njoo upesi." Nilimpenda kwa kutonificha.

Nyumbani mama mkwe alitaka kuelezwa yote. Kwa Kimeru sikupata neno la glia, nikazunguka kwa maneno mengi huku tukiambua maharagwe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo mwenye nyumba ni mzima. Anayemtunza ndiye mgonjwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi tumwombee huyo."

Jumapili alisimama kanisani. "Bwana, wakumbuke wale wadogo walio kichwani mwa mke wa mwanangu, wanaofanya kazi bila kutajwa." Akina mama waliitikia amina kwa nguvu. Baada ya ibada mmoja alinivuta kando akaniuliza, kwa huruma ya kweli, kama nina minyoo kichwani. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Ukungu uliondoka polepole, kuanzia pembeni. Kwanza niliona kidevu cha mume wangu, baadaye pua. Kisha nikaweza kusoma herufi ndogo za kitabu cha nyimbo. Hadi leo jicho la kushoto huona rangi zikiwa zimepauka kidogo, nami nimeshazoea.

Tuliporudi kwa daktari alinipima, akaridhika. Nilitoka nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa mzigo. Mume wangu alinipeleka hotelini karibu na soko, akaagiza chai na mandazi. Alikula mandazi yake, akapangusa vidole.

"Hizo glia," akasema hatimaye, "hula nini?"

"Sukari, nadhani."

Akavuta bakuli la sukari, akanitilia kijiko kimoja, kisha kingine, kisha kingine tena, akakoroga mwenyewe. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Niliinywa yote.