Gertrude na Moshi wa Stendi

Gertrude alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, na kushona alifundishwa na masista kabla hajafikisha miaka kumi na mitano. Alipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hakuwa na kitu cha maana zaidi ya mikono yake. Akaanza na viraka, akaja kwenye sare za shule, na mwisho akawa ndiye anayeshonea karibu kwaya zote za pale. Kibanda chake kilikuwa pembeni ya stendi ya minibasi za Lilongwe. Wateja hawakukosekana, ila moshi wa pale ulikuwa balaa.

Jumamosi moja, kesho yake ikiwa Pentekoste, alifua majoho meupe thelathini ya kwaya na kuyaanika. Minibasi tatu zilikuwa zikingoja abiria huku injini zinanguruma. Kufika saa sita mchana majoho yalikuwa ya kijivu, na hata alipoyafua tena masizi hayakutoka. Kwaya ikaimba na nguo za kawaida. Gertrude alikaa benchi la nyuma kabisa, hakuinua uso mpaka ibada ikaisha.

Jumatatu alichukua joho moja, akamfuata Sinzinkayo, Mrundi mwenye minibasi zile, ambaye pia alikuwa mkubwa wa madereva pale stendi.

"Papa, tazama kazi ya magari yako."

"Mama Gertrude, moshi njo nguvu ya gari. Kama gari haitoe moshi, haipande mulima."

"Basi nguvu ni yako, uchafu ni wangu? We unabeba bantu, unapata. Mi nalipa na kitambaa. Nahayo pale analipa na kifua yake."

Nahayo, muuza mandazi wa pale stendi, alikuwa amepatwa na kikohozi muda huohuo, ameshika meza asianguke. Madereva walitazama chini. Sinzinkayo akainua mabega tu, akaenda zake.

Gertrude hakurudi kwenye cherehani. Alikwenda kwa mzee Gélase, aliyetengeneza pampu za dizeli za malori huko Bujumbura kwa miaka ishirini, na ambaye hapa kambini alikuwa akiziba pancha za kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Gélase alimsikiliza, akalitazama joho, akalinusa, akatikisa kichwa.

"Hii si nguvu, mama. Moshi mweusi ni mafuta iliyoshindwa kuungua. Mwenye gari anainunua, inatoka nyuma, inaingia kwenu ndani ya mapafu."

Gertrude akalikunja joho lile polepole. Siku zote alidhani anayeumia ni yeye na jirani zake. Kumbe mwenye gari naye alikuwa akimwaga mali yake barabarani, na hizo zilikuwa siku ambazo dizeli ilikuwa adimu Malawi nzima, madereva wanalala kwenye foleni za vituo vya mafuta.

Alirudi stendi, akasema mbele ya wote: "Papa Sinzinkayo, unipe gari moja, ile mbaya kabisa. Tuiwekee lita tano tu, tuone inafika wapi. Kisha Papa Gélase aitengeneze, turudilie. Kama hakuna tofauti, nabomoa kibanda yangu, nahama, hautanisikia tena."

Sinzinkayo alipenda sana mashindano yenye watazamaji. Akacheka, akakubali.

Gélase alifunga dumu la lita tano karibu na injini, mpira wa mafuta ukanyonya humo badala ya kwenye tangi. Dereva Vainqueur akashika usukani, Sinzinkayo, Gertrude na Gélase wakapanda, wakaelekea Lilongwe. Gari likazimika katikati ya mashamba ya mahindi, jiji lingali mbali. Gertrude akafunga utepe mwekundu kwenye nguzo ya umeme, mahali palepale lilipokomea.

Gélase alilishughulikia gari siku mbili. Alisafisha nozeli, zile pua ndogo za kunyunyizia dizeli ndani ya injini. Filta ya hewa alipoigonga, lilitoka vumbi la kujaza karai. Akarekebisha pampu, akajaza upepo matairi yaliyokuwa yamelegea. Gertrude alikaa naye, anamshikia skrubu kwenye kopo lake la vifungo, na usingizi ulimpotea kwa kufikiria kibanda chake.

Safari ya pili, kwa lita tano vilevile, wakaukaribia utepe. Wakaupita. Sinzinkayo akageuka kuutazama mpaka ukapotea. Gari likapanda mlima, likaingia jijini, likaendelea tu, na lilipozimika lilikuwa Area 36, mtaa wa jijini humo, mbele ya wauza nyanya, Vainqueur anapiga honi kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

Sinzinkayo alishuka akazunguka nyuma. Gertrude alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi, na kilikuwa kimeingia kijivu kidogo tu.

"Miaka yote hii," akasema Sinzinkayo polepole, "nilikuwa nachoma mali yangu, na bantu nawaharibia kifua." Akamshika Gertrude mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, unisamehe."

Wiki hiyohiyo stendi ya Dzaleka ikaweka sheria: kila asubuhi kitambaa cheupe kinashikwa kwenye bomba huku dereva akikanyaga mafuta. Kikiwa cheusi, gari halipakii mtu mpaka litengenezwe. La kwanza kushindwa lilikuwa gari jingine la Sinzinkayo mwenyewe, na ni yeye aliyewaomba abiria washuke. Gélase aliacha pancha za baiskeli, kazi ya magari ikamjaa.

Habari zikafika jijini. Madereva wa Area 36 wakamwita Gertrude kwenye mkutano wao. Alisimama juu ya kreti la soda, mkimbizi, mwanamke, fundi wa nguo, mbele ya wanaume karibu mia. Chichewa chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha kuchechemea, lakini kitambaa cheusi na kitambaa cheupe alivyoviinua havikuhitaji mkalimani. Alipomaliza, mwenyekiti aliuliza nani anaitaka sheria ile.

Mkono mmoja ukainuka, halafu kumi, halafu ukumbi mzima.

"Zikomo, amayi!" wakapiga kelele, asante mama, na Gertrude, juu ya kreti lake, akacheka mpaka machozi yakamtoka.