Kijidudu cha Tope la Mpunga

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilivunja vioo viwili vya darubini kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa hospitali ndogo nje kidogo ya Bagamoyo. Mkuu wa Maabara, mtu wa Pangani asiyepaza sauti, aliokota vipande mwenyewe.

"Vioo tutaletewa vingine, binti," aliniambia. "Ila nisikukute unaandika jibu la kubahatisha."

Kazi yangu ilikuwa makohozi. Nilikuwa nikiyapaka kwenye kioo, nikiyatia rangi nyekundu, kisha nikiyaosha kwa asidi. Vijidudu vya kifua kikuu hubaki vyekundu. Vingine huiachia rangi.

Masika moja Bi Mwanahawa alimleta mumewe, Mzee Kondo, mkulima wa mpunga kutoka bonde la Ruvu. Alikuwa na homa, kikohozi cha usaha, na kidonda kisiginoni kisichofunga. Mganga Mfawidhi, mkubwa wa hospitali, alimpima akaamua ni kifua kikuu. Mimi nilitazama vioo vitatu, sikuona chekundu hata kimoja. Sindano za kifua kikuu zikaendelea, mzee akazidi kukonda.

"Mwanangu, mnamtibu nini?" Bi Mwanahawa aliniuliza. "Mie namwona anakwisha."

Nikaomba ruhusa ya kuotesha makohozi yake, yaani kuyapaka kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu kilichochanganywa na damu ya kondoo, na kuiweka katika kabati la joto. Desturi yetu ilikuwa kutupa sahani baada ya siku mbili. Siku ya pili niliona vidoa vya kijivu tu, lakini sikuitupa.

Siku ya nne nilifungua kabati nikapiga yowe! Vidoa vilikuwa vimekua na kujikunja kama kitambaa kilichofinywa, vikinuka udongo uliolowa. Siku zile tulizinusa sahani. Ninyi wa maabara za leo msithubutu, kijidudu kile huingia hata kwa pumzi. Nilikimbia nayo hadi kwa Mganga Mfawidhi.

"Huu uchafu," alisema. "Umeingiza udongo."

"Nikiotesha tena, na usaha wa kisigino pia, vikaota vilevile, bado utakuwa uchafu, Daktari?"

Alinirudishia sahani. "Otesha."

Vikaota vilevile, kote kuwili! Tukapeleka sampuli maabara kubwa ya Dar es Salaam. Jibu lilipokuja kwa simu, Mganga alikuja maabara kwa miguu yake. Ni kijidudu kiishicho topeni na katika maji yaliyotuama, alisema; huingia kwa kidonda, kwa kunywa, au kwa kuvuta matone ya maji yaliyorushwa na mvua na upepo, kisha huozesha mapafu kama kifua kikuu.

"Nilikosea, binti," akasema mbele ya wote. "Tunabadili dawa leo hii."

Siku ya tisa homa ilishuka. Mzee Kondo akaomba pweza wa nazi! Nilicheka huku nalia. Alimeza vidonge miezi mingi, lakini alipona.

Tulikwenda na Bwana Afya, afisa wa usafi na afya vijijini, hadi shambani kwa Mzee Kondo, tukachimba tope, nikaliotesha: mikunjo ileile. Bwana Afya akawakusanya wakulima. Fungeni vidonda, aliwaambia, vaeni buti, ogeni kwa sabuni na maji safi mkitoka shambani, chemsheni maji ya kunywa, na mvua kubwa ikipiga, tokeni. Wenye kisukari wajihadhari zaidi.

"Buti topeni? Zitabaki humo humo!" mmoja alidakia, wote wakacheka.

Bi Mwanahawa akasimama. "Cheka wewe ambaye hujamgeuza mumeo kitandani. Mie nitazifunga kwa kamba." Kesho yake alizifunga kweli, chini ya goti.

Baadaye nilihamishiwa Saadani, kisha Ubena, nilikostaafia. Macho yamechoka, ila ule msisimko wa kufungua kabati haujanitoka. Mnaoifanya kazi hii leo mna mashine za ajabu, nami nazifurahia. Hata hivyo, mgonjwa muulizeni analima wapi na anakunywa maji gani.

Mimi bado nauliza. Juzi asubuhi jirani alikuwa akikohoa, nikamwambia anionyeshe miguu. Alicheka sana. Kisha akavua kandambili, na uso wake ukabadilika alipoona ninavyokitazama kidonda. Tulikwenda hospitali asubuhi ileile, mimi nimetangulia, naye nyuma akiniomba nipunguze mwendo.