Mtawa Aliyekataa Kurudi Nyumbani

Juzi, kwenye boksi la vitabu vya mtumba kule Lanham, huku ughaibuni tunakoishi, nilikikuta tena kile kitabu cha mtawa wa Italia ya kale aliyeandika historia ya nyakati zake. Papo hapo pua yangu ikajaa harufu ya zulia lenye unyevu.

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa akisoma chuo huku huku, mji wa Annandale. Alasiri moja alinificha kwenye chumba cha maktaba ambamo watoto hawakuruhusiwa, kisicho na dirisha, zulia lake likiwa na unyevu, hita ikivuma, nami nimekatazwa hata kukohoa. Ili nitulie, alinisimulia alichokuwa akikisoma: baba wa yule mtawa alisafiri kumfuata mwanawe, akamsihi aache utawa arudi nyumbani, mwana akakataa. Hapo Mama akajifunika uso kwa kitabu.

"Twende nyumbani," nikamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

"Hatuwezi, mwanangu."

Nilidhani ni mpaka amalize kazi ya darasani. Nikamchukia yule mtawa kwa kumliza mama yangu.

Sasa najua kwamba wiki ile babu, baba yake Mama, alizikwa Moshi. Viza ya Mama ilikuwa imekwisha. Angetoka nchini kwenda kumzika, asingeruhusiwa kurudi kwangu. Nami alasiri nzima nilimnung'unikia kwamba amenifungia.