Mfupa Ulio Hai

Nilikuwa kwenye foleni ya maji hapa Tassia, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, simu iliponiletea habari kwamba mwalimu wetu wa Biolojia ameaga dunia. Wasomaji wangu wa siku nyingi wananijua, mimi si mtu wa kulia hadharani. Siku hiyo nililia, nikapitwa na zamu yangu, na mama aliyekuwa nyuma yangu akanijazia mitungi. Marehemu alifundisha shule moja tu ya sekondari, kule Kariobangi, tangu ujana wake hadi alipostaafu. Mimi hakunifundisha darasani. Alinifundisha kwenye kibanda cha supu.

Jirani yetu mmoja, fundi wa reli, ana mabinti wawili. Mdogo alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomkunja mtoto kwa maumivu ya mifupa hadi jirani wa ghorofa ya juu anasikia. Madaktari walipima wakaona uboho wa dadake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unamfaa kupandikizwa. Hawakuahidi kupona, walisema tu kwamba tumaini lipo. Baba akakataa. Jumamosi moja tukiwa kibandani, sisi wawili na mwalimu, alinyonya mfupa wake hadi ukakauka, akaugonga kwenye sahani. "Wacha nikwambie, mwalimu. Huu nishaunyonya. Utajaa tena? Sasa nitoboe msichana mzima ndio nitibu mgonjwa? Na nani ataoa msichana wa mifupa mitupu? Nitapoteza wote wawili." Nikamuunga mkono kwa sauti, maana ujinga ukipata kiti haukosi la kusema.

Mwalimu alijifuta mikono taratibu. "Baba, huo ni mfupa wa ng'ombe amekufa. Wa binti yako uko hai, na unafanya kazi hata sasa tukikula." Akatuonyesha mafundi wa mabati ng'ambo ya barabara. Bati likishakatwa likawa jiko, alisema, halirudi kuwa sanduku, na seli nyingi za mwili ziko hivyo: zimeshashika kazi. "Lakini ndani ya uboho kuna seli shina. Hizo ni mabati mazima bado, hayajakatwa. Zikigawanyika, zingine zinaenda kuwa damu nyekundu, zingine za kupigana na magonjwa, zingine za kuziba kidonda. Na zingine zinabaki palepale, shina, ili kesho tupate nyingine. Ndio maana daktari akichota kidogo, baada ya wiki kadhaa pamejaa." Kisha akamwangalia fundi. "Na huyo dada ni mtu mzima. Umemuuliza yeye?" Hakuwa amemuuliza. Supu yake ilipoa mezani, akaondoka.

Kumbe msichana alikuwa akingoja kuulizwa tu, akakubali kumtolea mdogo wake uboho. Mwalimu aliandamana nao kliniki kila mara, akiwa na daftari la maswali, na yule daktari kijana hakuthubutu kumjibu kwa mkato. Baadaye, mdogo alipopandikizwa uboho huo na kurejea nyumbani akiwa na nguvu za kupanda ngazi zote bila kupumzika, nilimtania mwalimu. Eastlands tunapima watu kwa kuhama: aliyefaulu tunamjua kwa lori la vyombo. "Wanafunzi wako wamekuwa wauguzi, mafundi, hata rubani yupo. Wewe mbona uko palepale?" Wakubwa wa elimu walikuwa wameshamwomba awe mkuu wa shule kwingine, naye akakataa. Alicheka sana. "Na nani angebaki?" Nilidhani ni mzaha. Naona haya kusema imenichukua miaka kuelewa.

Kwenye matanga, hema likiwa limebanwa kati ya ghorofa mbili, fundi wa reli aliomba kipaza sauti. Ni mtu wa maneno machache. "Mimi ndiye nilisema mfupa ukinyonywa haujai," alisema. "Wasichana wangu, simameni." Wakasimama wote wawili, mkubwa akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Kisha akaketi. Nikakumbuka jinsi nilivyopaza sauti siku ile ya supu. Tumezoea kumuuliza mtu amekuwa nani. Nadhani ni haki kuuliza pia ni nani aliyebaki ili yeye awe.